UZI: Mafua makali yakizuka, serikali ishike mamlaka gani, na iyaachie lini?

#1 KifunguKwaKifungu (mleta mada)

Wakuu, kila tukijadili mamlaka ya dharura tunakwama kwenye swali lilelile: Rais anaweza kutangaza hali ya hatari au hawezi? Anaweza, na Katiba zetu zote zinasema hivyo. Ila amri itakayokufungia ndani siku aina mpya ya mafua ikibisha hodi haitatoka kwenye Katiba. Itatoka kwenye sheria ya kawaida ya afya ya jamii, kwa saini ya waziri, na sheria hizo hazina saa inayohesabu.

Tazameni tofauti. Ibara ya 32 ya Katiba ya Tanzania inataka nakala ya tangazo la hali ya hatari ipelekwe kwa Spika, Bunge likutane ndani ya siku 14, na azimio liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Siku 14 zikipita bila azimio, tangazo limekufa. Likiungwa mkono linadumu miezi sita, na kuliongeza kunahitaji theluthi mbili tena. Kenya wamebana zaidi. Ibara ya 58 inatoa siku 14 tu, nyongeza ya kwanza theluthi mbili, zinazofuata robo tatu, kila nyongeza isizidi miezi miwili, na Mahakama ya Juu ina uwezo wa kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. Uganda, Ibara ya 110, ni siku 90.

Mwaka 2020 ni ipi kati ya nchi hizo tatu iliyotangaza hali ya hatari? Hakuna. Kenya waliwekewa kafyu kuanzia 27 Machi 2020 hadi 20 Oktoba 2021, karibu miezi 19, na Ibara ya 58 haikuguswa hata siku moja. Ule ulikuwa ugonjwa wa corona, lakini mafua yakija sheria zitakazofunguliwa ni zilezile.

Mfano wa mafua halisi ni Mexico. Tarehe 25 Aprili 2009 Rais Felipe Calderón alitia saini amri iliyoipa Wizara ya Afya uwezo wa kuwatenga watu, kukagua abiria na mizigo yao, kuingia kwenye majengo na nyumba, kuzuia mikusanyiko, na kununua vifaa bila zabuni. Shule za mji mkuu zilikuwa zimeshafungwa, na kuanzia 1 hadi 5 Mei shughuli zisizo za lazima zikasimama nchi nzima. Wiki iliyofuata milango ikaanza kufunguliwa kwa awamu. Tafiti za baadaye zimehusisha kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko na kushuka kwa maambukizi. Sasa niambieni, kati ya yale yote yaliyoandikwa kwenye amri, ni yapi yalihitajika kweli? Kuingia nyumba za watu kulipunguza nini?

Msimamo wangu: mamlaka yawepo, tena mapana, lakini kila moja liwe na tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani yake. Karibuni.

#2 DaktariWaWilaya

Mkuu, kabla ya vifungu tuanze na kirusi chenyewe, maana ndicho kinachoamua ni mamlaka gani yana kazi na yapi ni mzigo tu.

Mafua yanakwenda mbio. Kuanzia kuambukizwa hadi dalili ni siku 1 hadi 4, wastani siku 2. Mtu anaweza kuambukiza tangu siku moja kabla ya kujisikia vibaya, na anaendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya kuanza kuugua. Kutoka mgonjwa mmoja hadi anayemwambukiza ni kama siku 3. Pigeni hesabu ya wilayani. Mgonjwa anaanza homa Jumatatu, anakuja kituoni Jumatano, sampuli inapanda gari kwenda maabara ya taifa Alhamisi, majibu yanarudi Jumamosi. Timu ya kufuatilia waliokutana naye inatoka Jumapili. Wale aliowaambukiza Jumapili ya wiki iliyotangulia na Jumatatu wameshaugua na wameshaambukiza wa kwao. Unakimbiza kivuli.

SARS ya 2003, ugonjwa mwingine wa mapafu, ilikuwa tofauti. Mgonjwa aliambukiza zaidi akiwa ameshazidiwa, tayari yuko hospitali, kwa hiyo kutenga wagonjwa na waliokutana nao kuliukata mnyororo. Watunga sheria wengi duniani walijifunza kwa SARS kisha wakabandika somo hilo kwenye mafua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 kuhusu hatua zisizo za dawa dhidi ya mafua haupendekezi kuwasaka waliokutana na mgonjwa, wala kuwaweka karantini watu hao wakiwa hawajaugua, wala kupima abiria joto wanapoingia na kutoka. Kamera ya joto pale uwanja wa ndege haimwoni aliyeambukizwa jana, na mwenye homa akimeza paracetamol saa mbili kabla ya kutua, anapita.

Upande wa pili wa hesabu unatia moyo. Mafua ya 2009 yalikadiriwa kwamba mgonjwa mmoja anaambukiza wastani wa watu 1.4 hadi 1.6. Chukua 1.5. Ukipunguza maambukizano kwa theluthi moja tu, inashuka hadi 1 na mlipuko unakosa mwendo. Theluthi moja unaipata kwa mgonjwa kubaki nyumbani, shule kufungwa mapema kwa muda mfupi, madirisha wazi, barakoa kwenye daladala na kusogeza mbele mikusanyiko mikubwa. Huhitaji askari. Kirusi cha aina ya 1918, kinachokaribia 2, kinadai upunguze nusu, na hapo ndipo mjadala wa nguvu unapokuwa wa kweli.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada: kuingia nyumba za watu hakukuhitajika. Kununua vifaa haraka kulihitajika, tena sana, kwa sababu oseltamivir, dawa ya mafua, inafaa ikianza ndani ya saa 48 za kwanza za dalili, miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5 kwa mtu mzima. Zabuni ya miezi mitatu inaleta dawa wakati wimbi limeshapita.

#3 Nahodha

Daktari nakuheshimu, lakini historia ina ushahidi ambao hauwezi kuuruka. Samoa, 1918.

Meli ya Talune ilitia nanga Apia tarehe 7 Novemba 1918 ikitokea Auckland na wagonjwa ndani. Utawala wa kijeshi wa New Zealand uliruhusu abiria washuke. Ndani ya wiki chache Samoa ya Magharibi ilipoteza kama watu 8,500, takriban asilimia 22 ya wakazi wote. Jirani, Samoa ya Marekani, Gavana John Poyer alifunga bandari na kuweka ulinzi wa pwani, na wenyeji wakashirikiana naye kuzuia mitumbwi kutoka ng'ambo. Vifo vya mafua: sifuri. Masharti yalibaki hadi 1920. Angesubiri kikao cha theluthi mbili?

Pwani yetu inalijua jambo hili. Mafua ya 1918 yaliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa, yakapanda na reli na wapagazi wa vita waliokuwa wakirudi makwao. Kama kuna wakati wa kumpa mtu mmoja ufunguo wa bandari, ni ule.

Na Hong Kong 2009: mgonjwa mmoja tu alithibitishwa 1 Mei, na usiku huohuo hoteli ya Metropark pale Wan Chai ikafungwa na watu takriban 300 ndani yake, wageni na wafanyakazi, kwa siku 7. Wakapewa dawa ya kinga. Sheria yao ilikuwa tayari, hakuna aliyekimbia kutafuta kifungu.

#4 DaktariWaWilaya

Nahodha, Samoa naikubali yote, ila soma masharti yake. Kisiwa, mlango mmoja, meli chache, wananchi waliounga mkono, na uamuzi uliotangulia mgonjwa wa kwanza. Ukiniambia Zanzibar, Pemba, Mafia au Lamu, tunaweza kuzungumza, ingawa majahazi na boti ndogo unazifahamu. Ukiniambia Namanga, Tunduma au Busia, hapana. Mpaka wa nchi kavu wenye njia za panya ukiufunga, unafunga malori yanayoonekana na kuacha watu wasioonekana, na unapoteza hata orodha ya waliopita.

Hong Kong nayo: hoteli ilifungwa Mei, na kufikia Juni maambukizi ya ndani yalipoonekana wenyewe waliacha mkakati wa kuzuia wakahamia kupunguza makali, wakafunga shule za msingi. Walinunua wiki chache. Si vibaya, wiki chache ni mali ukiwa na kitu cha kufanya nazo, kama kupanga vitanda na kusambaza dawa. Ndiyo maana karantini ya mafua iruhusiwe siku za mwanzo kabisa, wagonjwa wakiwa wanahesabika, na ikome yenyewe maambukizi yakishasambaa mtaani. Sheria nyingi hazina mlango huo wa kutokea.

#5 Wakili_Kisauni

Naomba kuingia kwa upande wa Kenya, maana vifungu vinavyotajwa mitandaoni mara nyingi si vyenyewe.

Sheria mama ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza 1921. Kifungu cha 35 kinataja magonjwa hatari ya mlipuko (ndui, tauni, kipindupindu, homa ya manjano, malale) na kumruhusu waziri kuongeza jingine lolote kwa tangazo. Mafua hayamo kwenye orodha hiyo ya awali, kwa hiyo hatua ya kwanza ni waziri kuyatangaza. Akishatangaza, kifungu cha 36 kinamfungulia kabati zima la kanuni: kuzika haraka, kupita nyumba kwa nyumba, kutenga, kuua vijidudu, kuzuia mwendo. Ndivyo ilivyokuwa 2020. Kanuni za corona za Aprili 2020 zilikuja na faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Kafyu haikutoka huko kabisa. Ilitoka kwenye Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, kifungu cha 8, ambayo waziri wa usalama anaitumia kwa ushauri wa Inspekta Jenerali wa Polisi. Hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika, kwa maoni yangu. Ukichukua sheria iliyotungwa kwa ajili ya ghasia ukaitumia kwa ugonjwa, atakayeitekeleza ni yule aliyefunzwa kutuliza ghasia. Siku ya kwanza ya kafyu, 27 Machi 2020, pale kivuko cha Likoni, polisi waliwarushia mabomu ya machozi na kuwapiga watu waliokuwa wakisubiri feri ili wawahi nyumbani. Yule mdudu anayesambaa kwa pumzi na mikono angeomba nini zaidi? Umati umebanana, watu wanakohoa, wanafuta macho kwa viganja, wanalazwa chini kifudifudi bega kwa bega. Hatua ya afya ilizaa kile ilichotakiwa kuzuia.

Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani. Hukumu ya Jaji Weldon Korir, 16 Aprili 2020, ilisema amri ya kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu iliyotumiwa na polisi katika kuitekeleza ilikiuka Katiba. Iliagiza pia mawakili na mamlaka huru ya kusimamia polisi waingizwe kwenye orodha ya huduma muhimu. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini aliyekamatwa usiku bila wakili kuweza kutoka nyumbani hana haki kwa vitendo, hata kama Ibara ya 25 inasema haki ya kusikilizwa na haki ya kuletwa mbele ya mahakama haziguswi kamwe.

Na mleta mada, saa ya kuhesabu ipo Kenya, ila watu hawaijui. Sheria ya 2013 inayosimamia kanuni za mawaziri inasema kila kanuni ifikishwe mezani Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa, na isipofikishwa inakufa papo hapo. Tatizo ni maneno "siku za vikao". Bunge likiwa likizo, saa imesimama.

#6 Mtaa_wa_Saba

Wakili, asante. Swali la mwananchi wa kawaida: nikiwekwa karantini, bili ni ya nani?

#7 Wakili_Kisauni

Ya aliyekuweka. Kifungu cha 27 cha Sura ya 242 kinaruhusu mtu aliyekutana na ugonjwa wa kuambukiza, ambaye makazi yake hayatoshi kuwakinga wengine, aondolewe na kutengwa. Masharti yake ni manne na yote lazima yawepo: cheti kilichosainiwa na afisa wa afya, amri ya hakimu, mahali pa kutengwa, na gharama ya serikali ya eneo. Mwaka 2020 watu walidaiwa pesa za malazi kwenye hoteli na mabweni, wengine wakazuiwa kutoka hadi walipe, mpaka serikali ilipotangaza Mei kwamba italipia vituo vyake.

Kwa wasafiri kuna ulinzi mwingine. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, Ibara ya 40, zinakataza nchi kumtoza msafiri gharama ya kutengwa au karantini iliyomlazimisha, isipokuwa anayekuja kutafuta ukaazi. Ibara ya 32 inataka apewe chakula, maji, malazi, matibabu, na njia ya kuwasiliana kwa lugha anayoielewa. Hiyo si hisani ya mtu.

Kuhusu "mahali pa kutengwa", Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 2016 katika kesi ya wagonjwa wa kifua kikuu wa Kapsabet, waliofungwa jela 2010 kwa kuacha dawa. Jaji Mumbi Ngugi alisema kifungu cha 27 hakimaanishi gereza. Kumtupa mwenye ugonjwa wa mapafu kwenye selo iliyojaa kunamdhuru yeye na kuwaambukiza wengine. Hata hivyo, Aprili 2020 serikali ilitangaza kwamba wanaovunja kafyu watapelekwa karantini. Yaani karantini ikawa adhabu. Siku karantini ikigeuka adhabu, mwenye dalili anajificha, na Daktari hapo juu anapoteza macho yake yote.

#8 DaktariWaWilaya

Nasisitiza hilo la mwisho. Ufuatiliaji wa mafua unategemea mtu mwenye kikohozi na homa kuja mwenyewe kituoni akubali kuchukuliwa sampuli puani. Hakuna askari anayeweza kumleta. Na dunia inategemea sampuli hiyo: mafua ya aina mpya kwa binadamu ni moja ya magonjwa manne ambayo mgonjwa mmoja tu anatosha kuilazimu nchi itoe taarifa kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini. Mengine ni ndui, polio ya kirusi cha asili na SARS.

#9 Mama_Vifaranga

Habari za jioni, ndugu zangu. Mnaongea kama mafua yanaanzia uwanja wa ndege. Yanaweza kuanzia bandani, na kwenye mifugo mamlaka ya dharura ni makubwa kuliko yote mliyoyataja: afisa anaingia, anahesabu, anaua kundi zima, anafukia.

Kosa linalojulikana zaidi ni la Misri. Mwishoni mwa Aprili 2009 serikali iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, wapatao 300,000. Wakati huo Misri haikuwa na mgonjwa hata mmoja wa mafua yale yaliyoitwa ya nguruwe, na wataalamu wa kimataifa wa afya ya wanyama walisema wazi kwamba hatua hiyo haina msingi wa kisayansi, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Wafugaji walikuwa wengi wao Wazabbaleen, Wakristo wa Kikopti wanaozoa taka za Kairo na kuwalisha nguruwe mabaki ya chakula. Kukatokea mapambano na polisi Manshiyat Naser. Kisha taka za chakula zikarundikana mitaani, maana mlaji wake hayupo tena. Mamlaka yalikuwepo kisheria, swali la "hii inazuia nini?" halikuulizwa.

Hapa kwetu jambo la kuangalia ni fidia. Januari 2017 Uganda ilipothibitisha mafua ya ndege kando ya Ziwa Victoria, kwa ndege wa porini na wa kufugwa, Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka huko. Kuzuia ni rahisi. Kuua kuku wa watu ndiko kunakofeli. Mfugaji akijua kwamba akiripoti vifo vya kuku 20 atapoteza 500 na kulipwa "baadaye", atafanya nini? Atauza hai usiku huohuo, na ugonjwa utafika soko la mji kabla ya alfajiri. Kwa hiyo fidia itangazwe kabla ya mlipuko, iwe karibu na bei ya soko kwa kuku mzima (chini kidogo kwa aliyekwishaugua, bila kitu kwa aliyekwishakufa, ili watu wavutwe kuripoti mapema), na ilipwe siku za mwanzo. Fomu ijazwe palepale bandani, nakala mbili, mwenye kuku na mtendaji wa kijiji wasaini hesabu kabla ya kuku wa kwanza kuuawa. Hesabu ikifanywa baada ya kufukia, ugomvi hauishi.

#10 Nahodha

Dada, hapo kwenye kulipa mapema nakuunga mkono kabisa. Lakini pesa hiyo nayo inahitaji mamlaka ya dharura. Bajeti haiwezi kusubiri Juni.

#11 Bukavu_Moja

Salamu kutoka Kivu. Mleta mada aliuliza nchi ipi ilitangaza. Sisi Kongo tulitangaza. Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura ya kiafya tarehe 24 Machi 2020. Katiba yetu, Ibara ya 144, inatoa siku 30, halafu Bunge na Seneti wanaongeza siku 15 kwa siku 15. Kulikuwa na ubishi mkali kama Rais alipaswa kupata idhini ya mabaraza yote mawili kwanza, na Mahakama ya Katiba ikasema Aprili kwamba agizo linakubaliana na Katiba. Baada ya hapo nyongeza zikawa zinapitishwa kila siku 15 mpaka Julai, kisha ikaisha.

Siisifu serikali. Kinshasa ilitengwa na mikoa na bei ya chakula iliumiza watu. Lakini kila baada ya siku 15 waziri alilazimika kusimama mbele ya wabunge kueleza kwa nini bado. Miezi minne, ikafa kisheria. Linganisheni na miezi 19 ya jirani ambaye hakutangaza kitu. Kuogopa neno "dharura" kumewanyima ulinzi ulioandikwa pamoja na neno hilo.

#12 KifunguKwaKifungu (mleta mada)

Bukavu, hiyo ndiyo hoja yangu, umeisema vizuri kuliko mimi.

Niongeze jambo ambalo linasahaulika: dharura si lazima iwe ya kubana watu. Oktoba 2009 Rais Obama alitangaza dharura ya kitaifa kwa ajili ya mafua, na vichwa vya habari vikatisha watu. Lengo lake kubwa lilikuwa kulegeza masharti ya hospitali, ili ziweze kupima na kupanga wagonjwa kwenye mahema au majengo ya pembeni bila kupoteza malipo ya bima za serikali. Mamlaka yaliielekea hospitali, raia wa kawaida hayakumgusa. Kwetu dharura ya mafua yenye maana ingefanana hivyo: kuruhusu ununuzi wa haraka wenye ukaguzi wa baadaye, kuajiri wauguzi wastaafu kwa mkataba wa miezi mitatu, kusamehe kodi ya barakoa na mitungi ya oksijeni.

Na kuhusu chanjo, someni Marekani 1976. Kirusi kilizuka kambi ya Fort Dix, askari mmoja akafa, Rais Ford akaamua nchi nzima ichanjwe. Kampuni za bima zikagoma kubeba hatari, Bunge likapitisha sheria Agosti kwamba madai ya madhara yapelekwe dhidi ya serikali. Watu kama milioni 45 walichanjwa, kirusi hakikusambaa nje ya kambi, na ukaonekana ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré, takriban mgonjwa 1 wa ziada kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Mpango ukasimamishwa Desemba. Hatari ilikuwa ndogo, lakini waliopatwa walikuwa na mlango wa kudai. Ukiipa kampuni kinga dhidi ya kushtakiwa bila kumpa mwananchi mfuko wa fidia, umemhamishia hatari yote.

#13 Mtaa_wa_Saba

Wakuu, tangazo likitoka kesho, mimi nisiye mwanasheria naliangaliaje? Na nikiona limenikosea, nianzie wapi upande wa Tanzania?

#14 KifunguKwaKifungu (mleta mada)

Kwanza tafuta namba ya Tangazo la Serikali. Picha ya WhatsApp yenye nembo si sheria, wala hotuba kwenye televisheni. Kanuni inayobeba adhabu lazima ichapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Ukilipata, mstari wa kwanza kabisa utataja kifungu cha sheria mama kinachompa waziri uwezo, na mara nyingi itakuwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Kifungue usome: je, kinamruhusu kufanya alichofanya, na ni yeye au ni mtu mwingine aliyepaswa kusaini? Mkuu wa wilaya anayeamuru jambo la waziri hana miguu. Kisha tafuta eneo na tarehe ya kukoma. "Hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo" ndiyo sentensi ya kupigia kelele.

Usidhani Katiba inakataza kila zuio. Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria kubana haki kwa ajili ya afya ya jamii hata siku za kawaida, kwa hiyo hoja ya "haki yangu ya kutembea" peke yake haitoshi. Hoja yenye nguvu ni kwamba hatua imezidi mahitaji, kwamba ipo nyepesi zaidi inayotosha. Kanuni za Siracusa za 1984, mwongozo wa kimataifa kuhusu lini haki zinaweza kubanwa, zimeliweka hilo wazi: lazima iwe kisheria, ya lazima, nyepesi kuliko zote zinazofaa, isiyobagua, yenye muda, na inayoweza kupitiwa upya. Hapo ndipo ile hesabu ya Daktari ya siku 3 inakuwa ushahidi mahakamani, ikiwekwa kwenye kiapo cha mtaalamu.

Kabla ya Mahakama Kuu, andika barua kwa mamlaka iliyotoa amri na utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tangu marekebisho ya 2020 ya sheria ya utekelezaji wa haki za msingi, mlalamikaji lazima aambatishe kiapo kinachoonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika, na awe amemaliza njia nyingine zilizopo. Kesi za "kwa niaba ya umma" zinaanguka hapo mlangoni. Kwa hiyo awe mwenye duka lililofungwa, au dereva aliyezuiwa, na risiti zake mkononi.

#15 Wakili_Kisauni

Kenya mlango ni mpana, Ibara ya 22 inaruhusu yeyote kwenda kwa maslahi ya umma. Pendekezo: badala ya kulalamika, tuandike kifungu kinachokosekana. Mleta mada, weka maneno.

#16 KifunguKwaKifungu (mleta mada)

"Kanuni yoyote inayozuia mwendo, mikusanyiko au biashara kwa sababu ya mlipuko itakoma siku ya 21 tangu kuchapishwa, isipokuwa imeidhinishwa na Bunge. Waziri ataambatisha takwimu za maambukizi na maelezo ya kwa nini hatua nyepesi zaidi haitoshi. Bunge likiwa likizo, kamati yake ya afya itakutana ndani ya siku 7."

Siku 21 ni vizazi 7 vya mafua.

#17 DaktariWaWilaya

Weka 28. Takwimu za vituo zinachelewa karibu wiki moja, kwa hiyo siku ya 21 unaona athari za wiki mbili tu. Na usiweke karantini ya waliokutana na mgonjwa kwenye siku 28 hizo. Ipe 10, ikome mara maambukizi ya mtaani yakithibitishwa.

#18 Nahodha

28 nakubali. Lakini weka pia kwamba vitanda vya wagonjwa mahututi vikijaa, kanuni iendelee yenyewe mpaka vipungue. Bunge lisilofikia akidi lisiue watu.

#19 KifunguKwaKifungu (mleta mada)

28 inaingia, na 10 ya karantini inaingia. Kuendelea yenyewe sikubali, Nahodha, kwa sababu anayehesabu vitanda ni wizara ileile inayotaka kuendelea. Naweza kukupa siku 7 za ziada, mara moja tu, idadi ya vitanda ikithibitishwa kwa maandishi na waganga wakuu wa hospitali zenyewe na kubandikwa hadharani. Baada ya hapo, wabunge wakutane hata kwa mtandao.